"Mimi ni Kibarua Tu"

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, kibarua ni barua ndogo. Huko pwani na Zanzibar, katika karne ya 19, mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kwenda kufanya kazi ya kutwa kwa mtu mwingine alipewa kijikaratasi, na jioni sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe, na likambakia hata utumwa ulipokwisha.

Waingereza walipoitawala Tanganyika wakaleta karatasi ya pili, nayo ni kipande. Wazee wetu waliotoka huku kwenda kwenye mashamba ya mkonge walikijua vizuri. Kilikuwa ni kadi ya siku 30 za kazi, na mtu alitakiwa kuzitimiza ndani ya siku 42. Akimaliza kazi aliyopimiwa, alitiwa alama ya siku hiyo. Asipoimaliza, siku haikuhesabiwa, na mshahara haukutoka mpaka zile 30 zitimie. Sheria iliyotawala mambo hayo ilikuwa ya mwaka 1923, sheria ya Mabwana na Watumishi wa Kienyeji, na chini yake mtu aliyetoroka kazini alihesabiwa kuwa mhalifu. Wafanyabiashara wawili wakivunjiana mkataba hudaiana tu, lakini mtu wa kipande akivunja wake alipelekwa kortini kama mwizi wa kuku.

Naanza na historia hii kwa sababu zimenifikia barua tatu kutoka bonde la Kilombero, na zote zinasema neno moja. Wa Sanje alijikata kwa panga mguuni akiwa katika miwa, akauguza kidonda kwa fedha yake mwenyewe. Wa Mang'ula amekata miwa misimu minane chini ya mkandarasi yule yule, na msimu wa tisa majina yaliposomwa lake halikuwamo. Wa tatu ni mama wa hapa Ifakara, Kibaoni, aliyekuwa akifanya kazi katika kitalu cha miche. Alijifungua, na aliporudi alikuta mtu mwingine amewekwa mahali pake. Kila mmoja wao ameandika, kana kwamba walikaa meza moja: "Najua sina haki, kwani mimi ni kibarua tu."

Nimeshughulika na sheria za kazi kwa zaidi ya miaka 35, kwanza nikiwa mtumishi wa chama cha wafanyakazi, baadaye nikiwa mwanasheria wa kujitegemea. Nimeisikia sentensi hiyo kwenye korido za mabaraza, ndani ya mabehewa ya TAZARA, na juu ya pantoni ya mto Kilombero siku zile daraja lilikuwa bado. Waajiri nao huisema: "Huyu ni kibarua tu." Ajabu ni kwamba wafanyakazi huisema mapema kuliko waajiri, nao huisema wakiwa wameinamisha kichwa.

Tuone basi sheria inasemaje.

Nilipoanza kazi, miaka ya 1980, tulikuwa tukitumia sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira. Ilitungwa mwaka uleule ambao jeshi liliasi, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi, TFL, likavunjwa, na NUTA ikaundwa kuwa chama kimoja cha wafanyakazi wote. Sheria ile ilikuwa na mazuri yake, na sipendi wanaoibeza. Iliweka kamati za wafanyakazi makazini. Iliweka kanuni ya nidhamu yenye orodha ya makosa na adhabu zake, hata mkubwa wa kazi hakuweza kumfukuza mtu kwa sababu ameamka vibaya. Mgogoro ulikwenda Baraza la Usuluhishi, na kutoka hapo kwa Waziri. Kwa Waziri ndiko kulikuwa mwisho wa safari, kwani mahakama za kawaida zilifungiwa mlango. Kwa maneno mengine, serikali ilijifanya baba wa mfanyakazi. Baba humlinda mtoto, lakini mtoto hana pa kumshitaki baba.

Hapa bondeni jambo hilo lilionekana kwa namna ya kusikitisha sana. Mwezi Julai 1986, katika Kampuni ya Sukari Kilombero, iliyokuwa mali ya umma wakati huo, mgogoro wa kazi uliishia kwa polisi wa kutuliza ghasia kuwafyatulia wafanyakazi risasi, na wapo waliouawa. Sitalieleza tukio lile kwa urefu. Wenye umri wangu wanalikumbuka. Kila ninapofundisha vijana sheria ya kazi huwaambia wasome kwanza habari za Kilombero 1986, halafu ndipo waulize kwa nini nchi inahitaji chombo cha usuluhishi kilicho karibu, cha haraka, kisichokuwa chini ya kidole cha mtu mmoja.

Chombo hicho kilichelewa kuja. Bunge lilitunga mwaka 2004 sheria mbili zinazokwenda pamoja: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7. Zikaanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ikafungua milango yake mwaka 2007. Sheria ile ya 1964 ikafutwa, na pamoja nayo Sura ya 366, sheria ya ajira iliyoachwa na Waingereza tangu mwaka 1955. Tangu hapo sheria hizi zimerekebishwa mara kadhaa, na viwango vya fidia ni vya kuulizia upya kila mara. Lakini msingi wake ni uleule, na kwa watu wa bonde hili msingi huo ni mali.

Jambo la kwanza. Sheria ya 2004 ilipotaja aina za mikataba ya kazi ilitaja tatu: mkataba usio na kikomo, mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na watu wa ngazi ya uongozi, na mkataba wa kazi maalumu. Kibarua hakuwamo katika orodha hiyo. Wengine walinung'unika kwamba kibarua amesahauliwa. Mimi naona kinyume chake. Kutotajwa kwake kuna maana kwamba hakuna tena kundi la watu wa kando, wanaofanya kazi na bado si wafanyakazi. Anayelipwa kwa siku yumo, na sheria inamtaja hata inapozungumzia notisi ya kuachishwa kazi: baada ya mwezi wa kwanza, wa siku au wa wiki apewe notisi ya siku zisizopungua 4, wa mwezi siku 28. Mtu anayekaribia lile wazo la zamani la kibarua ni yule anayefanya kazi kwa mwajiri mmoja chini ya siku 6 kwa mwezi, kwani huyo mwajiri halazimiki kumwandikia maelezo ya kazi. Sasa nikuulize, mkata miwa, wewe unakata siku ngapi kwa mwezi?

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo limo katika sheria ile Namba 7. Inasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, kikiwepo japo kigezo kimoja kati ya kadhaa vilivyotajwa, hata kama karatasi ya mkataba imeandikwa jina jingine. Vigezo vyenyewe si vigumu. Je, yuko mtu anayekuelekeza namna ya kufanya kazi? Anakupangia saa? Umo ndani ya shirika lake? Umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Chakula chako kinamtegemea yeye? Vifaa amekupa yeye? Unamfanyia kazi yeye peke yake? Mkata miwa anayeamshwa alfajiri na lori la mkandarasi, anayeonyeshwa mistari yake na msimamizi, anayekemewa asipokata chini kabisa kwenye shina, anajibu ndiyo mara ngapi? Na mmoja tu ungetosha.

Hapa inafaa nieleze kidogo kwa wasikilizaji wa mbali jinsi kazi ya miwa inavyokwenda. Kiwanda kiko Kidatu, na mto Ruaha Mkuu unapita kati ya mashamba yake ya Msolwa na yale ya Ruhembe upande wa Kilosa. Baada ya ubinafsishaji wa mwaka 1998, wakulima wa nje, yaani wanavijiji wenye miwa yao wenyewe, waliongezeka sana. Miwa yao huvunwa kwa kupitia vyama vyao na makandarasi wa uvunaji. Mkandarasi huchukua wakataji, wengi wao kutoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na juu ya wakataji huweka wasimamizi. Kwa hiyo mkataji ana mabwana watatu au wanne, na siku ya shida kila bwana humnyooshea kidole mwenzake. Mwenye shamba husema, "Mimi nalipa chama." Chama husema, "Sisi tuna mkandarasi." Mkandarasi husema, "Huyo aliletwa na msimamizi." Vigezo nilivyovitaja viliwekwa kwa ajili ya mchezo kama huo. Fuata anayetoa amri na anayehesabu fedha, utamkuta mwajiri.

Wakulima wa nje nao msije mkacheka. Wengi huniandikia wakilalamika juu ya mizani na kiwango cha utamu wa miwa, wakitaka niwatetee kama wafanyakazi wa kiwanda. La hasha. Ninyi ni wauzaji wa miwa, na ugomvi wenu ni wa mkataba wa mauzo. Tena, mkulima mwenye ekari tatu anayeweka watu sita wa kupalilia kwa wiki nne ni mwajiri, apende asipende. Najua ugumu wake. Yeye mwenyewe hulipwa kiwanda kikishalipa, na kabla ya hapo mfukoni hana kitu. Lakini mpaliliaji hakuingia ubia wa kusubiri kiwanda. Nimeona mara nyingi mtu aliyelia asubuhi juu ya kucheleweshewa malipo ya miwa akimwambia mpaliliaji wake jioni, "Njoo mwezi ujao." Katika bonde hili mwajiri na mwajiriwa hulala nyumba jirani na kuzikana, na ndiyo maana wengi huona aibu kudai.

Sasa nijibu barua.

Wa Sanje, aliyejikata mguu. Zamani ningekujibu kwa unyonge, kwani sheria ya fidia iliyorithiwa kwa wakoloni ilikuwa na viwango vilivyoliwa na mfumuko wa bei, kiasi kwamba fidia ya juu kabisa ilibaki shilingi laki moja na ushee hata kwa mtu aliyelemaa maisha yake yote. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Michango hutoka kwa mwajiri peke yake. Mshahara wako haukatwi hata senti, na anayekukata kwa jina la Mfuko huo anakuibia. Mpe mkandarasi taarifa ya ajali kwa maandishi leo, ubaki na nakala, uambatanishe cheti cha hospitali. Umesema ulitibiwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Tarehe ya kuingia kwako imo katika kumbukumbu zao, iombe.

Wa Mang'ula, wa misimu minane. Ndugu yangu, swali lako ni gumu, na sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sheria inasema kwamba mkataba wa muda ukiisha na mwajiri akakataa kuuendeleza, hilo laweza kuwa ni kuachishwa kazi, ikiwa mfanyakazi alikuwa na sababu za haki za kutarajia kwamba utaendelezwa. Matarajio hayo hayathibitishwi kwa moyo kudunda. Yanathibitishwa kwa mambo yaliyotendeka: mikataba iliyotangulia, ahadi uliyopewa, desturi ya kuitwa kila mwaka. Misimu minane mfululizo ni jambo la kuanzia, nalo si dogo. Mwenzako atajibu kwamba kila msimu ulikuwa ni kazi maalumu iliyokwisha. Tena kuna sharti la miezi 6, maana asiyefikisha miezi 6 kwa mwajiri mmoja hawezi kulalamikia haki au batili ya kuachishwa kwake. Hata hivyo sheria imesema miezi hiyo huhesabiwa iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Maneno hayo "zaidi ya mmoja" yabebe kama unavyobeba kitambulisho.

Kuna jingine usilolidai, labda kwa kutojua. Kwa kawaida asiyetimiza miezi 6 hana likizo ya malipo, lakini sheria imemtoa mtu wa msimu katika kizuizi hicho kwa kumtaja kabisa. Likizo ya mwaka ni siku 28, na anayeondoka kabla ya kuichukua hulipwa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Piga hesabu ya msimu mmoja uone.

Utaniuliza, ushahidi uko wapi, mkataba sikupewa? Hapo ndipo sheria ya 2004 ilipogeuza mzigo. Kumwandikia mfanyakazi maelezo ya kazi yake ni wajibu wa mwajiri, na kuyatunza miaka 5 baada ya kazi kwisha ni wajibu wake pia. Shauri likifika mbele ya sheria naye hana karatasi, ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba masharti unayoyadai hayakuwapo. Zamani kipande kilikaa mkononi mwa nyapara na mfanyakazi akaumia kwa kukosa alama. Leo mwajiri ndiye anayeumia kwa kukosa kipande. Pamoja na hayo, usilale. Daftari la mistari uliyokata, ujumbe wa simu wa malipo, picha ya orodha ya majina iliyobandikwa mtini, mwenzako mliyelala naye kambi moja, vyote hivyo ni ushahidi. Nimeona shauri likishinda kwa daftari la shule lililokuwa na madoa ya majivu ya miwa iliyochomwa.

Ila kuna jambo moja linaloweza kuharibu yote haya, nalo ni kalenda. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro mbele ya Tume, tangu siku alipoachishwa au mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine, kama malimbikizo ya mshahara au likizo, ni siku 60. Nilimpokea kijana mmoja siku ya 47. "Shikamoo mzee, nilikuwa naambiwa nisubiri," akanieleza. Msimamizi alimwambia asubiri mvua ikatike, kisha asubiri kiwanda kiwashwe, kisha asubiri lori la pili. Tuliomba aongezewe muda. Kanuni inaruhusu, lakini huulizwa umechelewa siku ngapi na kwa sababu gani, na sababu iwe na kitu cha kuishika. Ahadi za msimamizi zilikuwa za mdomo, chini ya mwembe, hapakuwa na shahidi. Ombi likakataliwa, na madai ambayo nadhani yalikuwa ya haki hayakusikilizwa kabisa. Kutoka huku hadi Morogoro mjini ni zaidi ya kilometa 200. Mtu asiye na nauli huchelewa kwa urahisi. Watunga kanuni, nadhani, walifikiria mtu anayeishi karibu na kituo cha daladala. Lakini kanuni ndiyo hiyo mpaka ibadilishwe, na anayekwambia "subiri kidogo" anaijua kuliko wewe. Msubiri huku fomu yako imekwisha kupelekwa. Kufungua mgogoro hakulipiwi, na kusuluhishwa hakumzuii mtu kurudi kazini.

Na sasa mama wa Kibaoni. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mfanyakazi wa msimu hakutengwa. Baada yake mama ana haki ya kurudi kwenye kazi yake kwa masharti yaleyale, na anayenyonyesha aruhusiwe mpaka saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Kumwondoa mtu kwa sababu ya ujauzito ni marufuku, na ni ubaguzi uliotajwa kwa jina. Hukusema umefanya kazi hapo kwa muda gani, na ni lazima tulijue hilo. Lakini uliandika tarehe, na nakushukuru kwa hilo. Ulirudishwa mlangoni siku 19 kabla ya kuandika, na barua yako imechukua siku 6 kunifikia. Kwa hesabu yangu, mama, leo zimebaki siku 5. Hukuandika namba ya simu. Kama yuko jirani yake anayesikiliza, huko Kibaoni, amgongee mlango usiku huu, asingoje mpaka mazungumzo haya yachapwe gazetini.